Bi Mwanamize Pandu na Msimu wa Magari Alioumalizia Edani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, wazee wetu, majirani wa Ole na jamaa mliovuka kutoka Kisiwa Panza, hitima ya mama yetu tumeimaliza, Mwenyezi Mungu aipokee, na kabla chakula hakijatolewa ndugu zangu wamenipa mimi kazi ya kuisoma historia ya maisha yake. Mimi ni Khairat Hafidh, mtoto wake wa pili, ninasoma nikiwa huku upande wa kinamama na sauti inawafikia kinababa kwa spika. Jana ami yangu, Mzee Jabir Mbaruk, mdogo wa marehemu baba yangu, aliniomba kwa upole kwamba nikifika mwaka 2021 nipite haraka, niseme tu kwamba marehemu alifiwa na mumewe, akakaa eda, akatoka, basi. Ami, heshima yako iko pale pale, lakini mwaka huo leo nitausoma wote.

Marehemu Mwanamize binti Pandu alizaliwa tarehe 3 Mei 1963 huko Kisiwa Panza, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Pandu Ngwali, mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki, na Bi Mwanawema Haitham, wote wametangulia mbele ya haki. Alianza skuli mwaka 1970 hapo hapo kisiwani, baadaye akahamia Mkoani kwa shangazi yake, akamaliza masomo yake ya sekondari mwaka 1980, na katika miaka hiyo hiyo alisoma chuo cha Qur'ani, akahitimu mapema kuliko kaka zake wote, jambo ambalo kaka zake walikumbushwa naye mpaka uzeeni. Alikuwa mbishi tangu utoto, na waliosoma naye wanasema mwalimu akikosea hesabu ubaoni alikuwa hangoji kuulizwa.

Tarehe 17 Agosti 1984, siku ya Ijumaa, aliolewa na Hafidh Mbaruk wa hapa Ole, dereva wa lori la karafuu, na Mungu akawajaalia watoto watatu, kaka yangu Haitham aliyezaliwa mwaka 1986, mimi mwaka 1989, na mdogo wetu Ummi mwaka 1994. Mwaka 1988 alifungua chuo cha Qur'ani kwenye baraza ya nyumba hii, akafundisha asubuhi na jioni kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika nyinyi mliokaa hapa leo, wengi alif na be mlizitamka kwa mara ya kwanza mbele yake, na wengine bakora yake mnaikumbuka kuliko hizo herufi. Msimu wa karafuu alikuwa akichambua karafuu kama kinamama wenzake, lakini kazi aliyoihesabu kuwa yake ilikuwa chuo.

Sasa nafika pale nilipoombwa nipite haraka. Baba yangu alipenda magari kama wanaume wengine wanavyopenda mpira, na alipostaafu alinunua king'amuzi kwa ajili ya kitu kimoja tu, mashindano ya dunia ya Fomula Wani, yale magari ya kiti kimoja yaliyo chini chini, yanayoshindana nchi moja wiki hii na nchi nyengine wiki ijayo. Mama mwanzo alimcheka, akisema watu wazima wanazunguka mahali pamoja na hawafiki, lakini msimu wa 2021 ulipoanza mwezi wa Machi alikaa naye akaangalia, na kama ilivyo desturi yao ya kubishana kwa kila kitu wakagawana madereva, mama akamchukua bingwa mkongwe aliyekuwa akitafuta ubingwa wake wa nane, baba akamchukua kijana ambaye hajawahi kuwa bingwa. Ikawa nyumba imegawika. Kijana akishinda, baba anaomba chai huku anaimba, mkongwe akishinda, mama anapika wali wa nazi na baba anaulizwa kama unapita kooni. Mwezi wa Julai, madereva wale wawili walipogongana huko Uingereza, kijana akatoka nje na mkongwe akashinda, wazee wangu hawakusemeshana mpaka siku ya pili yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maneno chumba hiki na kile.

Tarehe 8 Agosti 2021 baba alifariki, baada ya kuugua kifua kwa siku chache. Mama alipokea msiba ule kimya kimya. Hakupiga kelele, hakuzimia, alikaa juu ya godoro lake amejifunika kanga nyeupe, kila aliyemwambia asubiri alimjibu amesubiri, na watu walimsifu sana kwa hilo, Ami Jabir akiwa wa kwanza kumsifu. Sisi watoto wake hatukumsifu, tulimwogopea, maana mtu tuliyemjua sisi hakuwa wa kunyamaza, na wiki zilipita hatujamwona hata akifuta jicho.

Eda ya mjane kila mmoja hapa anaijua, miezi minne na siku kumi, hatoki bila ya dharura, hajitii manukato, hapaki wanja wala hina, na kinamama wanakuja kumwondolea upweke. Mwisho wa Agosti magari yalirudi baada ya mapumziko, mama akaniambia niwashe televisheni, nikasita, akaniambia, "Washa, mwanangu, mie nshatiwa ndani, sikutiwa kaburini." Siku ile ilikuwa mbio za Ubelgiji, mvua kubwa, magari yakatembea mizunguko michache tu nyuma ya gari la usalama, lile linalowatangulia ili waende pole pole, kisha ikasemwa basi na pointi zikagawiwa nusu nusu. Kinamama waliokuja kumkalia wakadhani mchezo wenyewe ndio ule, kufuatana barabarani kama harusi, wakauliza watu wanaupendea nini.

Walipata jibu Septemba, huko Italia, gari la kijana lilipopanda juu ya gari la mkongwe na tairi likakaa karibu na kichwa chake. Chumba kizima kilisimama. Kuanzia hapo kila Jumapili ya mbio kinamama walikuwa wakimaliza mapema shughuli zao, wanakuja na mihogo yao ya kumenya, wanakaa, na mama anawafahamisha kwa nini gari linaingia kubadilisha matairi na kwa nini dereva anaadhibiwa, akifundisha kama anavyofundisha chuoni, anayekosea anarudishwa nyuma. Pointi za bingwa wake alikuwa nazo kichwani, na za yule kijana wa baba alikuwa nazo vile vile, akizitaja kwa haki bila ya kupunguza, akisema mwenyewe hayupo wa kujitetea.

Maneno hayakukawia. Ikasemwa mjane wa Hafidh anasherehekea, nyumba ya eda imekuwa uwanja wa mpira. Ami Jabir alikwenda kuuliza kwa shehe, na shehe akajibu kwamba kuangalia mashindano hakuvunji eda, ila kinamama wapunguze sauti. Kwa bahati mbaya mtaani ilifika nusu ya pili tu ya jibu hilo. Sikumtaja Ami kwa ubaya, nataja lililotokea, na shehe mwenyewe yupo hapa, kama nimeongeza neno anikatize.

Tarehe 5 Disemba mbio zilikuwa Jedda, mji ambao kinamama wa Ole walikuwa wakiujua kwa habari za mahujaji tu, na zilipomalizika mkongwe na kijana walikuwa na pointi sawasawa, msimu mzima umebaki siku moja. Siku hiyo ilikuwa Jumapili tarehe 12 Disemba 2021, Abu Dhabi, siku mbili kabla ya mama kutoka eda. Tulisali alasiri, tukakaa. Bingwa wa mama aliongoza karibu mbio zote, wali wa nazi ulikuwa umeshapikwa, mpaka mizunguko ya mwisho gari la dereva mwengine likagonga ukuta, gari la usalama likaingia, wote wakakaribiana nyuma yake, kijana akatiwa matairi mapya na mkongwe akabaki na yale yale ya zamani, na mzunguko mmoja tu ukabaki wa kushindana. Dunia nzima mpaka leo inabishana kama waamuzi walifanya haki. Katika mzunguko ule kijana alimpita mkongwe, ubingwa ukawa wake.

Mama alisimama katikati ya chumba, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia, akasema, "Kanshinda! Hafidh kanshinda, jamani, na hayupo hata anicheke!" Kisha akalia. Alilia kwa sauti, akapiga magoti, akamwita baba kwa jina, na kinamama wote waliokuwapo wakalia naye, maana hakuna aliyekuwa hajafahamu analia nini.

Kilio kile kilifika msikitini. Wanaume waliokuwa wamebaki kwenye darsa walisikia nyumba ya eda inalia, wakajua kuna aliyekufa, wakaja mbio, wengine viatu mikononi, na wawili walishaanza kuliteremsha jeneza la msikiti kabla hawajaambiwa lolote. Wakasimama nje, maana ndani hawaruhusiwi kuingia, wakauliza ni nani, na Bi Shadya, jirani yetu, akatoa kichwa dirishani na uso wake umejaa machozi, akawajibu kwa haraka yake, "Hakufa mtu, kashinda yule kijana wa magari!"

Hapo ndipo pa aibu, na aibu ya mwanamume mbele ya wenziwe inageuka hasira upesi. Wiki ile ile watoto wakaanza kutolewa chuoni, mmoja mmoja, baraza iliyokuwa haina pa kupita ikabaki na mkeka mmoja. Ami Jabir alikuja na wazee wawili, wakamwambia mama hadharani kwamba jambo hili ni jepesi, akitoa neno tu, auombe radhi mtaa kupitia msikitini baada ya Ijumaa, watoto watarudi Jumamosi. Chuo kilikuwa maisha yake, hilo mnalijua, na mimi mwenyewe nilimsihi akubali. Akawaambia, "Nimefiwa mwezi wa Agosti nikanyamaza mkanisifu. Nimelia Disemba mnataka niombe radhi. Mie simwombi mtu radhi kwa kumlilia mume wangu." Wakaondoka, na chai waliyotiliwa ikabaki mezani.

Na hakuomba. Alifundisha watoto waliobaki kama alivyokuwa akiwafundisha walipokuwa wengi, kwa bakora ile ile. Wengine walirudi baada ya mwaka, wengine hawakurudi kabisa, na wazazi wao nawaona mmekaa hapa, karibuni, chakula kinatosha. Mwaka 2022 alijaribu kujifunza kuendesha pikapu ya baba, akaigonga kwenye mfenesi, akashuka, akasema kazi yake yeye ni kuangalia. Magari aliendelea kuyaangalia kila msimu pamoja na kinamama wale wale, na sauti hawakupunguza.

Mwezi wa Februari 2024 alianza kusumbuliwa na presha na baadaye figo, akatibiwa Chake Chake, akapelekwa Unguja, akarudi, na miezi yake ya mwisho alikuwa akisomesha akiwa amelala, watoto wamezunguka kitanda. Alifariki nyumbani siku ya Alkhamis tarehe 6 Novemba 2025, baada ya sala ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka sitini na mbili, akazikwa Ijumaa asubuhi pembeni ya baba. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Chake na Unguja, walimu wa vyuo wenzake waliogawana wanafunzi wake siku alizokuwa kitandani, majirani waliokesha nasi, Bi Shadya na kinamama wote wa Jumapili, na Ami Jabir pia, ambaye alishika mbele ya jeneza kutoka hapa mpaka kaburini na hakukubali kupokewa. Hilo nililiona, Ami, na nalisema hadharani kama nilivyolisema lile jengine.

Desturi yetu ni kumwombea marehemu radhi kwa watu, nami naomba. Aliyepigwa naye bakora ikazidi, amsamehe. Aliyejibiwa naye vibaya kwenye foleni ya maji, aliyetaniwa naye akaumia, aliyebishana naye na haki ikawa si ya marehemu, tunamwombea msamaha kwenu nyote, mseme mmemsamehe. Lakini kwa Jumapili ile ya Disemba hatumwombei, kwa sababu mwenyewe alikataa akiwa hai, na sisi wanawe hatutamfanyia akiwa kaburini jambo alilokataa kulifanya akiwa hai. Nyinyi mliokuja mbio siku ile mlidhani kuna msiba ndani ya nyumba hii, na mlidhani sawa.

Mama, Mola akukutanishe na baba, mbishane mtakavyo, upumzike kwa amani.