Bonde la Mzee Selmer Linauzwa Leo

Benchi letu liko nje ya duka la chakula cha mifugo, ubavuni mwa mizani, hapa Nordal, Wiskonsin. Msimu huu wa kuvuna mahindi matrekta yanapita tangu alfajiri, na vumbi lote linaishia kwenye vikombe vyetu. Hatujali, tunalinywa. Mimi naitwa Spana, kwa kuwa nimetengeneza matrekta ya kata nzima, na sina ardhi hata ya kufugia kuku, kwa hiyo kwenye habari za mashamba mimi ni mtazamaji tu, tena mtazamaji mwenye mdomo. Upande wa kulia hukaa Orrin, tunayemwita Redio, maana hazimiki. Katikati hukaa Verdell, jina lake Mapembe, yeye na picha zake za kulungu. Na pembeni kabisa, karibu na ukuta, hukaa mzee Selmer Skaar, tunayemwita Kufuli. Sababu ya jina hilo mtaiona wenyewe, maana karibu asubuhi nzima ile hakufungua mdomo ila kwa kahawa. Na ndiye tuliyekuwa tunamzungumzia, yeye akiwa palepale.

— Eti ni kweli? — alianza Redio. — Daktari wa meno kutoka Chicago anakuja leo kutia saini?

— Baada ya chakula cha mchana, — nikamjibu mimi, maana Kufuli alikuwa na kahawa yake. — Bonde lote, na msitu wake wote.

— Kwa bei ngapi?

— Bei ambayo wewe ukiisikia utakaa chini, na umeshakaa.

Redio akapiga mluzi. Mapembe akaangua kicheko.

— Mnashangaa nini sasa? — Mapembe akasema. — Siku hizi ardhi haipimwi kwa ekari, jamani. Inapimwa kwa pembe. Mtu wa mjini akiona picha ya dume lenye pembe kama kinara cha kanisa, hata bei haulizi tena. Anauliza tu asaini wapi.

— Na picha hizo nani anazibandika mle dukani?

— Mimi! Na najivunia!

— Haya, endelea kujivunia.

Hapo ndipo lori la maziwa likasimama mbele yetu, breki zikalia, akashuka dada Ardis. Ardis tunamwita Kamanda. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye anayeongoza msako wetu wa kulungu kila Novemba, na hakuna mwanamume hapa aliyewahi kumpinga akabaki na hamu ya kumpinga tena. Hakutusalimia sisi wengine. Alisimama mbele ya mzee Selmer na glavu zake mkononi.

— Mzee wangu, shikamoo. Nimetoka benki.

Selmer akainua kichwa.

— Wamesema msitu hautoi maziwa, kwa hiyo hawakopeshi. Mimi na kaka yangu tumefika nusu ya ile bei ya daktari. Nusu tu. Lakini sijakata tamaa, na ninakuomba na wewe usikate.

Mzee akanywa kahawa.

— Dada, pole, — Redio akasema kwa sauti ya msibani. — Hushindani na hawa watu. Mimi nimefuatilia. Pesa zao za hisa zinawawasha mifukoni, mjini wanaogopa kila kitu, wanataka mahali pa kukimbilia. Ndiyo maana wananunua milima.

— Kukimbilia nini?

— Mwisho wa dunia! Yule aliyenunua kilima cha mashariki, unadhani lile shimo alilochimba ni la nini?

— Ni la choo, — nikasema. — Mimi ndiye niliyewasha mashine iliyolichimba.

— Choo chenye ngazi?

— Choo hakina ngazi, Redio. Uliona mbao za mafundi ukadhani ni ngazi.

— Sawa, kejeli tu. Na maji je? Chini yetu hapa kuna maji matamu kuliko yote nchini. Wanayanunua kimyakimya, siku moja watayapitisha kwenye mabomba mpaka jangwani, nyie mtabaki mnalamba mawe.

— Acha zako! — Mapembe akamkata. — Maji nini? Ni kulungu, nakwambia. Na tena kulungu wenyewe wako kwenye dili.

— Wako kwenye dili vipi?

— Usicheke, Spana. Yule jirani yangu wa mjini amefunga kamera kila mti. Kamera zinampigia picha, anaziona akiwa amelala kitandani Chicago. Sasa dume likijua linapigwa picha kwake na mahindi linalishwa kwake, litakuja kwangu kufanya nini? Nimeliona kwa macho yangu limesimama kwenye mpaka, linanitazama, halafu likageuka likarudi kwake. Kulungu ametuhama, jamani! Amepata mwajiri!

Tukacheka mpaka Redio akamwaga kahawa. Hata Ardis midomo ilimcheza. Lakini alikuwa amekuja na lake, na hakuliacha.

— Na huyo mwajiri mnajua anagharimika kiasi gani? — akauliza.

— Mwulizeni Spana, — akajijibu mwenyewe.

Nikawaambia, maana hiyo ni habari yangu. Kanunua trekta jipya la kulimia mahindi ambayo hakuna mtu anayeyala. Kapanda majani ya ng'ombe, na ng'ombe hana. Kokoto za barabara yake zinasombwa kila mvua, ananunua nyingine. Bima, kamera, mtu wa kuzichunga kamera, kufuli za mageti, kodi. Halafu anakuja siku tano kwa mwaka, na siku mbili kati ya hizo amelala na mafua. Mwaka jana aliniambia kwa huzuni kabisa kwamba lile paja moja la kulungu alilopata lilimgharimu pesa za kununulia ng'ombe watatu. Nilimpa pole, nikamwandikia na ankara yangu.

— Umeona? — Redio akasema. — Watachoka, watauza kwa bei ya kutupa.

— Hawachoki, — Ardis akajibu. — Wanauziana wao kwa wao, bei inapanda tena. Na mbaya si hiyo. Mbaya ni kwamba shamba la mahindi serikali inalihesabu kwa mahindi yake, lakini msitu inauhesabu kwa bei aliyouzia jirani. Jirani akiuza ghali, kodi ya msitu wako nayo inapanda, na wewe umekaa tu hujafanya lolote. Mzee Selmer hauzi kwa tamaa. Anauza kwa sababu miaka mitatu sasa kodi inamlia ng'ombe baada ya ng'ombe.

Mzee akaangalia buti zake.

— Na msako? — Ardis akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. — Nani kati yenu hajawahi kutembea kwenye mstari wa baba yangu? Tulikuwa tunajipanga kutoka kanisani mpaka kijitoni, watoto, akina mama, wote. Tunatembea tunapiga kelele, kulungu wanatutangulia, tunavuka mashamba saba hatumwombi mtu ruhusa, wanashuka bondeni kwa mzee, na pale mdomoni mwa bonde wapigaji wenye bunduki wanawasubiri. Nyama inagawiwa palepale nyuma ya gari. Mjane asiye na bunduki anapata. Mgonjwa anapelekewa. Mama yangu mpaka leo anakula nyama ya ule msako mwaka mzima.

— Ilikuwa raha, — Mapembe akakubali polepole.

— Mwaka jana je? Kila tukifika mahali kuna kibao cha kutukataza. Mstari ukapinda huku, ukapinda kule, mwisho tukajikuta tunafuatana kwenye lami na bunduki mabegani, magari yanatupigia honi kama tumetoka kuiba. Kulungu wamekaa kwenye mahindi ya watu wanatuangalia! Limebaki bonde la mzee peke yake. Likienda hilo, hakuna pa kusimama wapigaji. Hakuna msako. Kwisha.

Aliposema kwisha, sauti ilimkatika. Kamanda! Nilitazama pembeni, nikajifanya nakoroga kahawa ambayo haina sukari.

— Hawa watu wa mjini! — Redio akalipuka. — Wametuharibia nchi!

— Wezi! — Mapembe akadakia. — Wanatunyang'anya mchana kweupe!

— Ingetungwa sheria!

— Sheria gani? Wafungiwe daraja, wasivuke!

— Daraja likatwe kabisa!

Walikuwa wameshafika kwenye kuchimba handaki kuzunguka wilaya nzima, na Redio ameshajiteua kuwa mlinzi wa geti, ndipo mlango wa duka ukafunguka nyuma yetu. Akatoka daktari Lucinda, yule mganga mpya wa ng'ombe, amebeba ndoo ya dawa. Alikuwa na mwezi mmoja tu hapa, na bado alikuwa akituonea haya, kwa hiyo alisimama kwa adabu akasubiri kelele zitulie.

— Samahani wazee wangu, — akasema. — Nimewasikia kutoka ndani. Nina swali moja, maana mimi mgeni.

— Uliza, mwanangu, — Redio akajibu kwa ukarimu. — Hapa hakuna tusilolijua.

— Hayo mashamba mengine sita. Kabla ya hawa watu wa mjini, yalikuwa ya nani?

Nawaambia, trekta lilipita na tukasikia kila nati yake.

Redio akafunua kikombe chake kuangalia kama kuna kitu ndani. Mapembe akaona kamba ya kiatu imelegea, akainama, akaikaza, akaifungua, akaikaza tena. Daktari alidhani hawajamsikia.

— Namaanisha, nani aliwauzia?

— Jibuni basi, — Ardis akasema. — Kauliza kistaarabu.

Ningeweza kuwajibia mimi, maana ni mimi niliyewahamishia mitambo yao kila mmoja alipouza. Kile kilima cha mashariki chenye choo cha ngazi kilikuwa cha Redio, naye sasa ana nyumba Arizona ya kukimbilia baridi. Misitu miwili ya magharibi ilikuwa ya Mapembe, na huyo kulungu aliyepata mwajiri alizaliwa kwenye ardhi aliyoiuza yeye mwenyewe. Yaliyobaki yaliuzwa na ndugu na mashemeji wa hawahawa wawili. Lakini kuna maneno ambayo ni lazima mwenyewe ayatafune.

Ardis alivaa glavu moja, kisha akaivua.

— Sikilizeni. Mimi sikuja kulaumu. Redio, ulikuwa na mgongo wako. Mapembe, ulikuwa na mtoto chuoni. Kila mtu aliuza kwa sababu yake, na mimi sikuwepo kwenye shida zenu. Lakini zile pesa hazikuliwa zote. Najua hivyo na nyie mnajua hivyo. Imebaki nusu ya bei. Nusu hiyo mimi siiwezi peke yangu, na sisi sote tukiungana tunaiweza. Bonde liwe la wote wanaotembea kwenye mstari, kodi tuchangie wote. Mtu akitaka kuuza fungu lake, anauza kwa mwenzake wa mstarini tu, kwa bei ya shamba la mahindi, si ya pembe. Hilo ndilo ninalotaka, na siondoki hapa mpaka mniambie ndiyo au hapana mkinitazama usoni.

— Na maziwa kwenye lori? — nikauliza.

— Yana barafu yake. Yatanisubiri.

Daktari Lucinda akarudi nyuma hatua moja, masikini, ameshaona alichokianzisha.

— Mke wangu ataniua, — Redio akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

— Hiyo ni ndiyo au hapana?

— Ni... ngoja nimpigie kwanza. Nimpigie nikiwa mbali kidogo.

Akasimama, akaenda mpaka nyuma ya mizani na simu yake, tukaanza kumsikia akisema "sikiliza mama, sikiliza kwanza", na mama haonyeshi dalili ya kusikiliza.

Mapembe alikuwa bado ameinamia kiatu. Ardis akamsubiri. Alimsubiri hata mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha Mapembe akainuka, akaweka kikombe chini, akapandisha suruali, akaanza kutembea kuelekea gari lake.

— Verdell! — Ardis akamwita kwa jina lake halisi. — Unakimbia?

— Nani anakimbia?

— Unaenda wapi?

— Kuuza boti, — akasema bila kugeuka. — Kuna mtu wa La Crosse ananisumbua nayo tangu Pasaka. Na wewe Spana usikae hapo unacheka, njoo unisaidie kuitoa kwenye banda, matairi ya mkokoteni wake yameisha upepo.

Nikainuka. Ardis alikuwa amesimama palepale, uso umemwiva, na sasa alimgeukia yule mwenye bonde, ambaye asubuhi nzima tulimjadili kama vile hayupo.

— Mzee wangu, — akasema, — bado hatujafika. Boti si bonde, hilo nalijua. Redio hata hajamaliza kugombezwa. Sina cha kukuahidi ila kwamba nitazunguka nyumba moja baada ya nyingine mpaka nipate. Daktari wako wa meno anakuja na hundi kamili mfukoni. Uamuzi ni wako, na ukimuuzia nitakusalimia vilevile kila siku.

Mzee Selmer akamaliza kahawa yake. Akasogea taratibu kuelekea ukutani, akampigapigia Ardis ubao ulioachwa wazi ili akae.

— Nilimwambia aje nikishakula, — akasema Kufuli. — Leo nitakula polepole.