Bi Soma Kwanza Anaondoka, Penseli Inabaki

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha sayansi shuleni hapa, Bi Soma Kwanza anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Ofisi imeniomba mimi, mwalimu mwenzake, niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila mnivumilie, maana nina hasira.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alikuwa akirudisha kazi zao bila alama, zikiwa na maneno yake machache ya penseli pembeni, na kila aliyekimbilia kuuliza amepata ngapi aliambiwa asome kwanza. Ukisharekebisha, ndipo unapewa alama yako. Wazazi walikuja juu. Baba mmoja alivamia chumba cha walimu akidai alama za mwanawe. Akakaribishwa kiti, akapewa kazi ya mtoto aisome. Aliisoma, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, safari hii akiomba aelezwe vizuri ile habari ya mzunguko wa umeme. Tulicheka mpaka machozi.

Fundi wetu wa maabara aliwahi kuwa mwanafunzi wake, msichana mrefu kuliko wote darasani, ambaye vipimo vyake vya maji havikuwahi kutoka sawa. Walimu wengine walishamwandika dhaifu, basi. Bi Soma Kwanza aliacha meza yake akaenda kumtazama akipima. Kumbe binti alikuwa anasoma silinda ya kupimia akiwa wima, kutoka juu! Akamwandikia: "Hesabu zako ni sahihi. Inama, jicho lilingane na maji, kisha pima tena." Alama gani ingemwambia hivyo? Hebu niambieni.

Sasa mwaka huu ofisi imetuletea mfumo wa kompyuta wa kusahihishia kazi, wenye sentensi sita zilizokwisha kuandikwa. Mwalimu anabonyeza "aongeze bidii", imetoka hiyo, mtoto anayefuata. Bidii ya nini? Aongeze wapi? Yule binti angeongeza bidii ya kusoma kutoka juu mpaka leo. Bi Soma Kwanza alipokataa kubonyeza, aliitwa ofisini akaambiwa anachelewesha kazi. Yeye, aliyewafunza nusu ya walimu wa shule hii! Walipanga kwamba akishaondoka tu, darasa lake nalo liingizwe kwenye mfumo. Yeye wamemnunulia saa ya ukutani. Jamani, hata haya hatuoni?

Wasifu huu nilimpelekea auone kabla haujachapwa. Nilitegemea asante. Ulirudi na penseli pembeni: "Hasira yako inaeleweka, na mfano wa silinda umeueleza vizuri. Lakini hujasema wewe utafanya nini. Rekebisha."

Haya dada, nimerekebisha. Nimeliomba darasa lako, na nimepewa. Jumatatu watoto watarudishiwa kazi zao zikiwa na maneno pembeni, mwandiko mbaya kuliko wako lakini maneno ya kweli, yanayomhusu kila mmoja wao. Ofisi ikitaka kuniita, nitakuwa darasani, nimekaa na mtoto.

Asante kwa kutufundisha sisi pamoja na wanafunzi. Nenda kapumzike, uwe na afya, ulale mpaka jua likuchoke. Sote tunakuombea heri huko uendako. Na alama yangu usinipe bado, nasoma kwanza.