Gauni Lililomkataa Shangazi

Shangazi, mkataji mkuu wa karakana yetu ya sare, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama mbele ya meza ile ile. Muda wake ulikuwa haujafika. Mwili ndio uliotangulia, na hakuna kati yetu anayejifanya amefurahi.

Alianza kwa kuokota vipande vya vitambaa sakafuni, akapandishwa kwenye cherehani, kisha akakabidhiwa mkasi mkubwa ambao hakuwahi kumwazima mtu, hata meneja. Walinzi waliokuja kupimwa walipenda kubana matumbo. Shangazi alisubiri kimya, futi mkononi, mpaka pumzi ziwaishie, ndipo apime, akiwakumbusha kwamba shati litavaliwa hata baada ya chakula cha mchana. Mwaka ule vitambaa vya shule vilipoletwa vikiwa na upana mdogo kuliko tulioagiza, sote tulishika vichwa. Yeye alipanga upya vipande mezani, akakata mpaka jioni, na watoto wakavaa.

Miaka miwili iliyopita alianza kunenepa. Uso ukawa duara, mashavu yakajaa, na karakana nzima ikamshangilia. Maisha yamemkubali, tukasema, mume anamtunza. Mpiga pasi akaanza kumwita Tajiri. Mwenyewe alicheka, akajibu kwamba utajiri huo hajui umeingilia mlango gani, maana alikuwa anakula kidogo kuliko zamani.

Kisha ukaja ugomvi wa gauni. Alilikata mwenyewe, la kuvaa harusini kwa binti yake, akampa mshonaji wa cherehani ya dirishani alimalizie. Kiunoni likabana, mikononi likapwaya. Likafumuliwa, likaongezwa huku, likapunguzwa kule. Muda si mrefu, hadithi ile ile. Shangazi akawaka, akadai ameshonewa mikono ya mtu mwingine. Harusini alivaa nguo ya kuazima, na yeye na mshonaji wakanuniana miezi mingi. Kwa mkataji, nguo isipokaa, kosa ni la mkasi au la cherehani. Hakuna aliyefikiria kwamba kosa linaweza kuwa la mwili.

Muuguzi mmoja aliyekuja kujaribu sare ndiye aliyeushangaa mkono wake, uliovilia damu kwa kugusa tu ukingo wa meza, akamsihi aende hospitali. Huko walimkuta na uvimbe kwenye tezi moja ya adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo. Uvimbe huo ulikuwa ukimwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi. Homoni hiyo mwili unaihitaji, lakini ikizidi hurundika mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo, hula misuli ya mapaja na mikono, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na mifupa huiacha dhaifu. Kumbe tulikuwa tunampongeza kwa kuugua.

Sasa hainuki kwenye kigoda bila kuegemea meza, na mkasi anaushika kwa mikono miwili. Upasuaji ni Jumatano ijayo. Daktari hakumficha: uvimbe ukitoka, mwili utarudi taratibu, na vidonge atameza kwa miezi mingi, lakini nguvu za kukata kitambaa kizito hawezi kumwahidi. Alilia alipotueleza hilo, nasi tukalia naye.

Jana mshonaji alimletea lile gauni likiwa limefumuliwa lote, vipande vimekunjwa vizuri. Akamwambia atalishona upya siku atakapojua kipimo chake. Shangazi alivipokea, akamshika mkono.

Ahsante, Shangazi, kwa kila bega lililokaa sawa. Wastaafu waliotangulia tuliwaaga kwa kuwaombea wakapumzike, wale vizuri, wanenepe. Wewe tunakuombea upungue.