Mama Punguza na Masomo ya Darasa la Kwanza

Kwa ruhusa ya wazee, na ya mume wa marehemu aliyeketi hapa mbele, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu, ambaye nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, na kazini, kama wengi wenu mnavyojua, aliitwa Mama Punguza, jina ambalo mwanzoni alilichukia na baadaye akawa analiitikia hata kwenye simu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa injini na mshona nguo, na nyuma yake wakafuata wadogo zake watano, ambao aliwapenda, akawasimamia, na akawachapa bila upendeleo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alifaulu kila somo isipokuwa muziki, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1977. Alifundisha darasa la kwanza tangu Januari 1978 hadi mwaka 1989, alipochukuliwa na taasisi ya mitaala kuwa mkuza mitaala wa madarasa ya chini, akapewa meza kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye feni moja, iliyozunguka pale ilipojisikia.

Wakati huo mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na masomo tisa, na bado kila wiki mlango uligongwa na mtu mwenye la kuongeza, watu wa usalama barabarani walitaka mada yao, madaktari wa meno walitaka yao, watu wa kodi nao wakataka mtoto wa miaka saba aelewe faida za kulipa kodi, wote wakiwa na hoja nzuri, na wote wakiwa wametumwa na mkubwa fulani. Marehemu aliwakaribisha, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa, sasa tupunguze nini?" na hapo ndipo jina lilipotoka.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981 na afisa misitu, wakajaliwa watoto watatu, ambao leo ni muuguzi, fundi umeme na mhasibu. Mzee mwenyewe ameturuhusu tuseme kwamba naye aliwahi kuomba mezani, wakati wa chakula, upandaji miti uwe somo, akaulizwa swali lile lile waliloulizwa wengine, akanuna karibu wiki nzima.

Mwaka 2001 marehemu aliteuliwa kuongoza jopo la kuandaa mtaala mpya wa elimu ya msingi kwa madarasa ya chini, na baada ya mabishano ambayo baadhi yenu mlikuwemo, jopo lilikubaliana masomo yabaki manne, kusoma, kuandika, kuhesabu, na afya pamoja na michezo, likaomba mtaala ujaribiwe kwanza mwaka mmoja katika shule chache. Oktoba 2002 aliitwa mbele ya waziri, akasema, "Mheshimiwa, walimu hawajauona mtaala huu," waziri akajibu, "Watauona wakiufundisha," ukumbi ukacheka. Akaelezwa kwamba akiweka saini siku ile mtaala utaanza Januari nchi nzima, asipoweka, jambo lote linarudi nyuma na masomo tisa yanabaki. Aliomba kutoka nje, akasimama kwenye korido akitazama magari, akarudi, akaweka saini, na jioni alimwambia mumewe, "Mtaala nimeuokoa, walimu nimewatosa."

Januari 2003 ilipofika vitabu vilikuwa bado kiwandani, na semina ya walimu, iliyopangwa kuwa ya wiki mbili, ilifanyika kwa siku tatu. Mdogo wake anayemfuata, aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza, alimpigia simu ofisini, akamwambia, "Dada, nina watoto themanini na kiongozi kimoja cha mwalimu, tena ni fotokopi iliyokosa kurasa. Eti kila mtoto anisomee kila siku, kama kilivyoandikwa? Haya uliyaandika ukiwa wapi?" Marehemu akakata simu, na ndugu hawa wawili hawakusemezana kwa miezi mingi.

Januari 2004 aliomba kuachia uongozi wa jopo kwa mwaka mmoja, akaenda kufundisha katika shule ya mdogo wake, darasa la kwanza lililopakana na la mdogo wake kwa ukuta, ukuta wenyewe ukiwa wa mbao nyembamba, hata kila mmoja akimsikia mwenzake akipandisha sauti. Ofisini walisema ameadhibiwa, wengine wakasema amechanganyikiwa. Mwezi wa kwanza sauti ilimkauka, na maelekezo aliyoyaandika mwenyewe yakamshinda, na mchana mmoja alimfuata mdogo wake, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, akasema, "Nionyeshe wewe unafanyaje." Wakaanza na habari za kazi tu, mengine yakaja baadaye. Wakajaribu watoto kusomeana wawili wawili, huku mwalimu akisikiliza safu moja kwa siku, na mwisho wa mwaka zaidi ya nusu ya watoto walijua kusoma, wengine hawakujua, na marehemu hakuwahi kusema vinginevyo.

Njia hiyo iliingizwa katika toleo la mwaka 2007, jina la mdogo wake likiwa la kwanza miongoni mwa waandishi. Semina za walimu zilibaki fupi, mtihani wa taifa ukaendelea kuuliza mambo ya kukariri, na haya mawili alistaafu mwaka 2016 bila kuyaweza. Mwaka 2019 alipoambiwa masomo yameongezwa yamekuwa sita, alisikiliza, akaendelea kukunja nguo.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa kusafishwa damu, akawa anapata nafuu na kuzidiwa, hadi asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023 alipofariki hospitalini, mdogo wake akiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani walioacha shughuli zao, walimu wenzake, na wafanyakazi wa taasisi ya mitaala, wakiwemo waliobishana naye, ambao ni wengi, na wote tunawaona hapa. Mdogo wake, aliyepangwa kusoma historia hii na akashindwa, ameomba tuongeze jambo moja, kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hakuna mwaka aliofanya kazi kwa furaha kama ule wa 2004, na kwamba hakumwambia dada yake, akiamini kwamba dada mwenyewe anajua.

Pumzika, Dada Mkubwa, kwa amani.