Plau ya Metui

Bisha ukitaka, lakini mwaka wa sabini na tisa, mimi niliyeishia darasa la sita, ndiye niliyekuwa nawafaulisha watu masomo ya posta Karatu nzima. Ofisi yangu ilikuwa benchi la kahawa la mama Eunike, pale malori ya Loliondo yalipopakia mizigo. Mteja simwoni: dereva analeta swali, dereva anarudi na jibu. Waliniita Profesa. Siku moja dereva kaniletea kilio cha Metui wa Samunge, huko Loliondo, aliyekuwa akisomea ukarani wa josho la kuogeshea ng'ombe, nikawasimulia wenzangu wa benchi, Bartolomeo tuliyemwita Redio, na Patrisi Gia Moja.

— Swali lilisema, "Eleza kazi za nyumbani kwenu." Nikashusha kurasa nne tamu: ng'ombe sita, plau, shamba la ngano.

— Ngano Samunge? Redio akapaliwa na kahawa. Hiyo si kwenu Mbulumbulu, we Profesa!

— Ng'ombe ni ng'ombe, bwana.

— Umewafunga nira ng'ombe wa Mmasai! Baba yake akisikia atakufunga wewe.

— Mkufunzi wa posta kaipenda insha. Alhamisi anakwenda kuiona hiyo plau. Asipoiona, Metui hapati cheti, na josho anapewa mwingine.

— Rahisi, akasema Patrisi. Tupakie plau ya mjomba kwenye lori.

— Na ngano?

— Imeliwa na tembo.

— Tembo anaacha mabua, Redio akakataa. Sema faru. Faru anang'oa mpaka mizizi.

— Na shamba lenyewe?

— Limehamishwa! Operesheni Vijiji imehamisha watu, itashindwa shamba?

Tukacheka mpaka benchi likalia. Hapo akashuka dada mmoja kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamoo mama. Profesa ni yupi?

Vikombe vyote vikaelekezwa kwangu.

— Mimi Nosim, dada yake Metui. Anauliza, Profesa, ile barua iliyokuja pamoja na swali, uliisoma?

Redio kaniangalia. Patrisi kaniangalia. Mama Eunike akainamisha birika. Halikutoka hata tone.

— Barua gani? nikasema.

Nosim akarudi kwenye lori. Josho la Samunge likapata karani mwingine.

Kipande nilichokiruka nilipowasimulia ni hiki. Barua ya Metui ilikuwepo, kurasa sita: jinsi mama yao anavyomjua ng'ombe mgonjwa kwa masikio, siku mbili kabla hajaacha kula. Lilikuwa jibu kamili, la kunakili tu. Niliisoma mara mbili, nikaona huyu mtu hana haja na mimi. Nosim aliponiuliza, nilikuwa nimeikalia pale benchini.