Janet Nanjala, Aliyeambiwa Kila Ofisi Kuwa Si wa Hapo

Na tena nyinyi mliobishana siku tatu ati azikwe Bungoma ndiko kwao, sikizeni. Dadangu marehemu alikanyaga Bungoma mara moja tu maishani mwake, kwenda kuomba basari, pesa ya karo, na mlimwambia hamumjui. Ndiyo maana leo tuko hapa makaburini Mbaraki.

Janet Nanjala Wafula alizaliwa Mombasa tarehe 9 Mei 2001, kifungua mimba wa mzee Samuel Wafula, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na mama Rose. Alilelewa Kuze, Mji wa Kale, na kichochoro kizima Wakristo tulikuwa sisi tu. Ramadhani alikuwa akifuturu kwa jirani yetu Bi Jawahir, na mchana ashakula. "Saumu gani hiyo, Nanjala?" "Ya watoto, bibi."

Msingi na sekondari alisoma hapa hapa kisiwani. Mwaka 2020 aliitwa chuo, kusomea uuguzi. Mwaka huo huo baba akaachishwa kazi. Mkopo wa serikali ulilipa nusu, nusu ya pili ikawa ya kutafuta.

Ofisi ya wadi, karani alisoma jina akasema, "Nyinyi watu wa bara basari zenu ziko huko kwenu." Bi Jawahir alikuwa amemsindikiza. Akasema, "Huyu mwanangu, kazawa papa hapa." Karani akacheka: "Bi mkubwa, wewe waweza kumzaa Nanjala?" "Kwani mamako aliulizwa alipokuzaa weye?"

Walitolewa nje. Bungoma nako chifu akamuuliza, "Babako apigia kura wapi? Mombasa? Basi rudi huko."

Alitolewa chuo 2021 kwa kukosa ada, akarudi. Akatolewa tena 2023, akarudi. Kila akitolewa alikuwa akifanya kibarua cha kupanga samaki kwenye chumba cha barafu, ajilipie muhula. Darasani wakamuita Mgeni.

Hakuwahi kuolewa. Jeremy Kingi alileta posa 2024, dadangu akamwambia, "Wacha nimalize kwanza. Nimechoka kuacha vitu katikati." Jeremy yuko hapo. Msimsumbue na maswali.

Januari mwaka huu wa 2025 kifua kilimshika. Alificha, kwa sababu pesa ya hospitali ndiyo ilikuwa ada ya mtihani. Tulipombeba ilikuwa tushachelewa. Alifariki tarehe 14 Machi kwa homa ya mapafu, umri miaka ishirini na tatu, amebakisha muhula mmoja.

Ameacha wazazi wetu, Jeremy, Bi Jawahir, mimi nduguye, na mdogo wetu Beryl, aliye mwaka wa kwanza chuoni na tayari amezuiwa kufanya mtihani kwa ada hiyo hiyo.

Mungu amlaze mahali asipoulizwa kwao ni wapi.

Na wewe mwenyekiti wa basari wa wadi yetu, uliyeomba nafasi ya rambirambi: hotuba hatuitaki. Beryl amesimama nyuma yako. Mpitishie basari yake leo, mbele ya hawa watu wote, ndipo ushike mchanga.