Kibao cha "Get"

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Hivyo ndivyo mpasua mbao mmoja wa Igowole alivyomwambia mwalimu wa kike aliyekaa naye kwenye basi dogo la Kosta, mimi nikiwa nyuma yao. Siku hiyo bintiye Sikudhani, wa kidato cha kwanza, aliulizwa maana ya "get". Akajibu, "Kupata." Kwa kuongea Kiswahili darasani, akavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Tangu hapo hataki shule.

"Maana aliijua! Sasa kosa liko wapi, mwalimu?"

"Kosa ni lugha, baba. Halafu 'get' si kupata tu. Ni kufika, kuelewa, kuugua..."

"Kuugua ndiyo ameugua! Hali wala halali. Mbona ninyi ofisini mnatetana kwa Kiswahili?"

"Sheria hatutungi sisi."

Kweli, nikawaza. Wanaotunga huja kuomba kura kwa Kiswahili kitamu. Marehemu mke wangu aliandikiwa ugonjwa wake hospitalini kwa Kiingereza. Nilimzika bila kuujua.

Kosta ikasimama Ipogolo. Yule baba akashuka, akaushikilia mlango.

"Nikimrudisha kesho, mwalimu, nani atamvua hicho kibao moyoni?"